Sir Alan Cobham, Rubani Aliyepitia Tabora

1. Mji wa Misafara

Mji wa Tabora uko katika nchi ya Unyamwezi, juu ya uwanda ulioinuka futi 4,000 hivi kupita usawa wa bahari. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita nchi ya Ugogo, ikafika Tabora. Kutoka hapo iligawanyika: moja ikaelekea magharibi mpaka Ujiji penye ziwa Tanganyika, nyingine ikaelekea kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua mabegani mizigo ya frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Walipeleka pembe za ndovu pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wanyama wa kuchukua mizigo hawakufaa katika sehemu nyingi za njia ile, kwa sababu ya mbung'o. Basi kila kitu kilikwenda kwa miguu ya watu. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipotoka pwani mwezi wa Juni 1857, walifika Tabora mwezi wa Novemba, baada ya siku 134.

Mkuu wa msafara mwenye akili hakuuliza tu njia inakwenda wapi. Aliuliza pia maji yako wapi, chakula kinauzwa kambi gani, na hongo inatozwa na mtemi gani. Msafara uliokwenda bila kujua kambi zake uliangamia porini, hata kama watu wake walikuwa hodari wa kutembea.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Kisha zikaja ndege, na watu wengi walidhani kwamba sasa habari za kambi zimekwisha, kwa kuwa angani hapana pori wala mto wala hongo. Habari za maisha ya Alan Cobham zaonyesha kwamba haikuwa hivyo.

2. Ujana Wake

Alan John Cobham alizaliwa tarehe 6 Mei 1894 katika mtaa wa Camberwell, mjini London. Jamaa yake hawakuwa watu wakubwa wala matajiri. Alipomaliza shule alitiwa katika kazi ya biashara mjini, akajifunza kununua na kuuza, kuandika hesabu na kuwatumikia wateja. Kazi hiyo haikumpendeza sana, akaenda kukaa kwa muda katika shamba la mjomba wake, akafanya kazi za shamba, kisha akarudi mjini. Kwa macho ya watu hakuwa na dalili yoyote ya kuwa mtu mashuhuri.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 aliingia katika jeshi. Hakupewa bunduki ya kushindana mbele. Alipelekwa Ufaransa katika kikosi cha kutibu farasi. Siku zile majeshi yalivuta mizinga na magari kwa farasi, na farasi maelfu waliumia kwa risasi, kwa matope na kwa magonjwa. Kwa muda wa miaka mitatu hivi Cobham alifanya kazi hiyo. Farasi hawezi kusema mahali panapomuuma. Mtu amtunzaye hana budi kuangalia kwato, meno, ngozi na pumzi zake, na kuona kasoro kabla haijawa kubwa. Cobham alikuja kuzitazama injini kwa macho yale yale.

Kutoka mahali pale aliziona ndege zikipita juu, akatamani sana kuruka. Akaomba kuhamishwa, akakubaliwa. Alijifunza urubani upesi, hata mwisho wa vita ukamkuta akiwa mwalimu wa marubani.

3. Kujifunza Kutua

Ndege za siku zile ziliundwa kwa mbao nyepesi zilizofungwa kwa nyaya, zikavikwa kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza kama ngozi ya ngoma. Hazikuwa na breki. Nyuma, chini ya mkia, palikuwa na ubao tu uliokwaruza ardhi na kupunguza mwendo.

Kupanda juu si jambo gumu sana. Ndege ikipewa mwendo wa kutosha na kuelekezwa upande upepo unakotoka, mabawa yenyewe huiinua. Kazi iko katika kushuka. Rubani hana budi kuijua njia ya upepo, ili atue akiukabili. Hupunguza nguvu za injini, akateremka polepole kama tai anayekata tamaa ya windo lake. Akikaribia ardhi huinua pua ya ndege kidogo kidogo, mpaka mwendo uishe na mabawa yasiweze tena kuichukua. Hapo magurudumu na mkia hugusa chini pamoja. Akiinua pua mapema, ndege huanguka kama jiwe. Akichelewa, hupiga ardhi ikaruka tena, au hupinduka. Tena, pua ikiisha kuinuka, rubani haoni mbele yake. Hukisia umbali kwa kuchungulia pembeni.

Siku hizi marubani hujifunza kwanza katika mitambo isiyotoka chini. Mtambo mmoja wa kwanza wa namna hiyo uliundwa na Edwin Link wa Marekani mwaka 1929. Na leo hata kijana mwenye kompyuta aweza kuunda ndege yake katika mchezo, kuirusha na kuitua. Ikivunjika, huanza upya. Wanafunzi wa Cobham hawakuwa na nafasi hiyo. Mwanafunzi alikaa katika ndege yenyewe, mwalimu wake pamoja naye, na kosa la mmoja liliweza kuwaua wote wawili.

Vita vilipokwisha, marubani wengi walikosa kazi. Mwaka 1919 Cobham alijiunga na wenzake waliokuwa na ndege chache, wakazunguka katika miji ya Uingereza wakiwarusha watu kwa malipo madogo. Hawakuwa na viwanja vya ndege. Walitua katika malisho ya ng'ombe. Kila mji ulikuwa na shamba jingine, na kila shamba lilikuwa na hatari yake: mtaro uliofichwa na majani, ua wa miti, mteremko, matope. Kwa siku moja aliweza kupanda na kutua mara nyingi sana, na kwa njia hiyo aliwachukua watu maelfu. Kazi ile haikumpa mali, ila ilimfundisha kuisoma ardhi akiwa juu. Alijifunza kwamba shamba zuri kwa macho laweza kuwa baya kwa magurudumu, na kwamba ni vema kwenda kulitazama kwa miguu kabla ya kulitua kwa ndege.

Mwaka 1921 aliingia katika kazi ya Geoffrey de Havilland, mwunda ndege mashuhuri, akawa rubani wa kuwachukua watu waliokodi ndege kwenda nchi mbalimbali. Mwisho wa mwaka 1924 alimchukua Sir Sefton Brancker, mkuu wa mambo ya ndege za raia katika serikali ya Uingereza, wakaenda mpaka Rangoon katika Burma, wakarudi salama mwaka 1925. Fundi wa injini katika safari ile alikuwa Arthur Elliott. Waliporudi, Cobham aliweka moyo wake juu ya Afrika.

4. Ndege Iliyovunjika Tabora

Cobham hakuwa wa kwanza kuijaribu njia ya Afrika. Vita vilipokwisha, serikali ya Uingereza ilituma vikosi vitafute na kusafisha viwanja toka Cairo katika Misri mpaka Cape Town, kwenye Rasi ya kusini. Katika nchi za miombo kazi hiyo ilikuwa nzito kupita kiasi. Vichuguu vilikuwa virefu kuliko mtu, vigumu kama matofali, na chini yake mashimo. Mamia ya Waafrika walivivunja kwa majembe na sururu, wakachukua udongo kwa vikapu, wakang'oa visiki, wakasawazisha mashimo. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya safari za ndege, lakini bila mikono yao hapana ndege ambayo ingetua salama.

Mwanzoni mwa mwaka 1920 ndege kadhaa zilitoka kuijaribu njia hiyo mpya. Moja ilikuwa ndege kubwa aina ya Vickers Vimy, yenye injini mbili. Marubani wake walikuwa Cockerell na Broome, na pamoja nao alikuwako Dk. Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama, aliyesafiri kwa niaba ya gazeti la The Times. Waliondoka Uingereza tarehe 24 Januari. Walipita Misri na Sudan, wakafika Tabora. Lakini tarehe 27 Februari 1920 ndege ile ilianguka na kuvunjika pale Tabora. Watu wake walipona, ila safari yao ilikwisha.

Mwezi uliofuata, marubani wawili wa Afrika Kusini, van Ryneveld na Brand, walifika Cape Town. Lakini iliwapasa kutumia ndege tatu: ya kwanza ilivunjika katika safari ya kuvuka Misri na Sudan, ya pili ilivunjika Bulawayo, na ya tatu ndiyo iliyofika, tarehe 20 Machi 1920. Walikuwa watu mashujaa, wakapewa heshima kubwa. Hata hivyo watu wenye busara walijiuliza: njia inayokula ndege mbili ili kufikisha moja, je, yaweza kuchukua barua na abiria? Kwa miaka kadhaa jambo hilo lilikaa bila jibu, na mvua na majani vikaanza kuvirudia viwanja.

5. Matayarisho

Cobham hakutaka tu kufika. Alitaka kuonyesha kwamba ndege moja yaweza kwenda mpaka Rasi na kurudi, kwa utaratibu, bila kuwa jambo la bahati. Kwa hiyo kazi yake kubwa ilianza muda mrefu kabla ya kuondoka.

Kwanza aliiangalia ndege. Ilikuwa aina ya DH.50, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Abiria walikaa ndani ya chumba kidogo, na rubani alikaa nyuma yao mahali pa wazi, akipigwa na jua, upepo na mvua. Injini yake ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 230. Lakini katika Afrika viwanja vingi viko juu sana, na hewa ya mahali pa juu ni nyembamba. Tena joto huifanya iwe nyembamba zaidi. Hewa nyembamba huyapa mabawa nguvu kidogo, na injini nayo hupungukiwa na pumzi. Ndege ipandayo vizuri huko London yaweza kukimbia mpaka mwisho wa kiwanja cha Tabora isiinuke. Kwa sababu hiyo injini ya kwanza iliondolewa, ikatiwa nyingine aina ya Jaguar, yenye nguvu za farasi 385.

Kisha aliiangalia njia. Aliandika barua, akauliza habari za kila kiwanja: urefu wake, udongo wake, miti iliyo karibu, na hali yake wakati wa mvua. Alitafuta watu wa kumsaidia kwa fedha, na mmoja wao alikuwa Sir Charles Wakefield, mfanya biashara ya mafuta ya mashine. Petroli na mafuta vilipelekwa mbele, vikawekwa akiba katika vituo vya njiani. Hapo ndipo ndege ilipokutana na desturi za kale. Madebe ya petroli yalikwenda kwa meli, kwa gari la moshi, kwa stima za maziwani, na mahali pasipo njia nyingine, kwa mabega ya wapagazi. Kabla ndege haijapita angani kwa saa moja, mzigo wake ulikuwa umekwisha kusafiri chini kwa majuma.

Mwisho aliwaangalia watu. Alimchukua Elliott, fundi aliyemjua na kumwamini, na Emmott, mpiga picha za sinema, ili watu wote wapate kuona nchi zilivyo. Walikuwa watatu tu.

6. Katika Nchi ya Unyamwezi

Waliondoka kiwanja cha Croydon, karibu na London, tarehe 16 Novemba 1925. Wakapita Ufaransa, Italia na Ugiriki, wakavuka bahari, wakafika Misri. Kutoka Cairo walifuata mto Nile mpaka Khartoum, kisha Malakal na Mongalla, wakafika Jinja mahali mto unapotoka katika ziwa Viktoria, na Kisumu ng'ambo ya ziwa. Cobham hakukimbilia kuweka mwendo wa ajabu. Elliott alipoona kasoro katika injini, walikaa mpaka itengenezwe, hata kama siku zilipita.

Mwanzoni mwa mwaka 1926 walitoka Kisumu kwenda Tabora, safari ya maili zaidi ya 350. Katika safari nzima hapakuwa na sehemu ya kudharauliwa, lakini sehemu hii ilikuwa na hatari yake peke yake. Mto Nile huonekana kutoka mbali, na rubani aweza kuufuata kama mtu afuataye njia kuu. Kusini ya ziwa hakuna mto wa namna hiyo. Reli ya kutoka Tabora haikuwa imefika Mwanza. Ilifika mwaka 1928. Chini palikuwa na mbuga, vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi, kisha miombo mingi isiyo na alama. Tena ilikuwa wakati wa mvua, na mawingu meusi ya nchi hizo husimama kama milima. Rubani aliyeingia ndani ya mawingu hayo aliweza kupoteza njia, na hata ndege yake kuvunjwa na pepo. Ikiwa injini ingesimama juu ya miombo, hapakuwa na mahali pa kushukia ila juu ya miti.

Cobham alikuwa na dira, ramani na saa. Kwa mwendo wa maili 100 hivi kwa saa, alihesabu muda uliopita, akajua amefika karibu na wapi. Kwa rubani atokaye kaskazini, Tabora ina alama moja njema: reli ya Dar es Salaam mpaka Kigoma hupita pale kutoka mashariki kwenda magharibi, kama mstari uliochorwa na rula. Akiisha kuuona mstari huo hawezi kupita bila kujua. Kisha huonekana mji na miembe yake, na boma la zamani la Wadachi juu ya kilima.

Kuuona mji hakukuwa kutua. Rubani wa siku zile alipofika juu ya kiwanja alizunguka kwanza. Alitazama moshi wa mioto ya watu, ili ajue upepo unatoka wapi. Alitazama kama pana ng'ombe au watu katikati, kama maji yametuama, na kama vichuguu vipya vimeota. Maana mchwa hawaheshimu kazi ya binadamu, na kiwanja kilichosahauliwa kwa misimu michache hurudi kuwa mali yao. Kisha alishuka akiukabili upepo. Na katika hewa nyembamba ya futi 4,000 alijua kwamba ndege itagusa ardhi kwa mwendo mkali kuliko katika malisho ya Uingereza, na itakimbia mbali zaidi kabla ya kusimama.

Mahali pale pale palipovunjika ndege ya Vimy miaka sita nyuma, ndege ya Cobham ilitua salama. Elliott akaikagua, ikatiwa petroli, ikapaa tena salama kuelekea Abercorn, mji uliokuja kuitwa Mbala, kusini ya ziwa Tanganyika. Kwa mtazamaji halikuwa jambo kubwa: ndege ilifika, ikakaa, ikaondoka. Lakini jambo hilo dogo ndilo Cobham alilokuja kulitafuta. Kutua kuzuri hakuna habari ya kusimulia.

7. Mpaka Rasi na Kurudi

Kutoka Abercorn walipita Ndola na Livingstone, na Emmott akapiga picha za maporomoko makubwa ya mto Zambezi kutoka angani. Tarehe 17 Februari 1926 walifika Cape Town, safari ya maili 8,000 hivi tangu London. Watu wengi walikusanyika kuwapokea.

Mtu mwingine angalitosheka na sifa hizo. Cobham alijua kwamba nusu tu ya kazi imefanyika. Mwisho wa mwezi ule ule meli ya posta, jina lake Windsor Castle, ilikuwa inaondoka Cape Town kwenda Uingereza, na Cobham akaondoka siku moja nayo. Meli ilipita baharini, ndege ikapita juu ya bara. Sasa viwanja alivijua, na petroli ilikuwa mahali pake. Tarehe 13 Machi 1926 alitua Croydon, siku mbili kabla ya meli kufika. Ndege ile ile iliyokwenda ndiyo iliyorudi. Hivyo swali la mwaka 1920 lilipata jibu.

8. Kifo cha Elliott

Mwaka ule ule, tarehe 30 Juni, Cobham na Elliott waliondoka tena kwenda Australia. Ndege ilitiwa viatu vya kuelea badala ya magurudumu, ili itue juu ya maji. Walipokuwa kati ya Baghdad na Basra, katika nchi ya Iraki, waliruka chini sana kwa sababu ya vumbi lililofunika anga. Mtu mmoja aliyekuwa chini alipiga risasi. Risasi ilipasua bomba la petroli, ikampiga Elliott mkononi na kifuani.

Cobham hakuweza kuacha usukani ili amsaidie rafiki yake, wala hakuona mahali penye tabibu. Njia pekee ilikuwa kwenda mbele kwa nguvu zote mpaka Basra. Akatua mtoni, Elliott akachukuliwa hospitali, lakini alifariki.

Cobham aliona kwamba safari imekwisha. Ni maarifa ya Elliott yaliyoifanya injini ivuke Afrika mara mbili, na bila yeye sifa yoyote ilikuwa kama majivu. Lakini rafiki zake huko Uingereza walimpelekea simu wakimsihi asiiache kazi ambayo Elliott ameifia. Akapewa fundi mwingine kutoka jeshi la anga, sajini Ward, akaendelea mpaka Australia. Tarehe 1 Oktoba 1926 alitua juu ya mto Thames, mbele ya nyumba ya Bunge la London, na watu wengi mno wakamshangilia. Mfalme akampa heshima ya kuitwa Sir. Lakini kiti cha Elliott kilikuwa na mtu mwingine, na hilo Cobham hakulisahau.

9. Kazi Zake za Baadaye

Mwaka 1927 alirudi Afrika, safari hii pamoja na mkewe, Bibi Gladys, katika ndege kubwa ya majini iliyoitwa Singapore. Walizunguka bara zima, wakatua katika mito, maziwa na bandari, wakarudi Uingereza mwaka 1928. Hapo alijifunza namna nyingine ya kutua. Maji yenye mawimbi madogo ni rahisi, kwa kuwa rubani huyaona; maji matulivu kama kioo ni ya hatari, maana macho hayawezi kupima umbali wake.

Mwaka 1931 barua zilianza kuchukuliwa kwa ndege kutoka London mpaka Mwanza, na mwaka 1932 mpaka Cape Town. Katika Tanganyika ndege hizo zilichagua kupita Moshi, Dodoma na Mbeya, si Tabora. Lakini njia yenyewe, yenye viwanja, petroli, na watu wa kuvitunza, ilifuata fikira ile ile aliyoionyesha Cobham.

Naye aliizunguka Uingereza akiwashauri wakuu wa miji watenge viwanja vya ndege. Tangu mwaka 1932 mpaka 1935 aliongoza kundi la ndege lililokwenda mji hata mji, na watu wengi sana walipanda ndege kwa mara ya kwanza katika kundi hilo.

Kisha akaanza kufikiri jambo jipya: ndege ipate petroli angani kutoka ndege nyingine, isiyo na haja ya kutua. Septemba 1934 aliondoka Uingereza ili aruke mpaka India bila kushuka. Alipata petroli angani vizuri, lakini karibu na Malta kiungo cha kuongozea nguvu za injini kiliachana, kwa sababu ya kipini kidogo kilichotoka mahali pake. Ikambidi ashuke Malta kwa tumbo la ndege, bila magurudumu. Hakuumia. Mtu aliyetaka kusafiri bila kutua aliokolewa na ufundi wake wa kutua. Akatengeneza tena, akajaribu tena; mwaka 1949 ndege ya namna ya Meteor, kwa kupewa petroli angani kwa njia zake, ilikaa juu zaidi ya saa 12. Njia hizo zimeendelea kutumiwa na majeshi ya anga ya nchi nyingi.

Sir Alan Cobham alifariki tarehe 21 Oktoba 1973, akiwa na miaka 79. Katika siku ambazo marubani wengi mashuhuri walikufa vijana, yeye alikufa mzee. Sababu yake si kwamba hakuthubutu. Alithubutu mambo makubwa, lakini kama mkuu wa msafara wa zamani atokaye Bagamoyo kwenda Tabora, hakuinua mguu kabla ya kujua ataulaza wapi.

Maswali

1. Kwa nini mkuu wa msafara aliuliza habari za maji, chakula na hongo kabla ya kuondoka?
2. Cobham alijifunza nini katika malisho ya Uingereza kilichomfaa baadaye katika Afrika?
3. Kwa nini ilikuwa lazima kubadili injini ya ndege kabla ya kwenda Afrika?
4. Eleza namna rubani atokaye kaskazini alivyoweza kuutambua mji wa Tabora.
5. Taja watu waliofanya kazi chini ili ndege ya Cobham iweze kusafiri juu, na kazi ya kila mmoja.